Kesi Isiyofika Kizimbani: Wasomaji wa Taita-Taveta na Riwaya ya Mauaji ya Kiswahili

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili imebahatika kupata wasomaji wengi kuliko wahakiki, na wasomaji hao hawakubaliani juu yake. Yupo anayekisoma kitabu usiku kucha akakifunga kwa kuridhika. Yupo anayekifunga akalalamika kwamba ameahidiwa kesi asiipate. Mtu ameuawa, mpelelezi amemfichua mwuaji, maelezo yametolewa sebuleni mbele ya jamaa na marafiki, kisha hadithi imekwisha. Je, kesi ilisikizwa wapi? Nani alimtetea mshitakiwa? Shahidi alihojiwa na nani? Lalamiko hilo laweza kuonekana la msomaji aliyezoea vitabu vya kigeni, na kwa kiasi fulani ndivyo lilivyo. Lakini likitazamwa kutoka mahali kama Voi, lina mizizi mirefu zaidi ya hiyo, na makala haya yanakusudia kuifukua.

Mfano unaofaa zaidi ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Mwandishi huyu alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafanya kazi katika idara ya afya, kisha akaingia katika uandishi wa magazeti. Mwaka 1958 alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima, na alikaa hapo kwa miaka kumi. Hadithi yake ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, na ikachapishwa mwaka 1960. Baada ya hapo vilifuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na vingine, hata jina la Bwana Msa likawa maarufu kuliko jina la aliyemwumba. Kiko chake mdomoni, utulivu wake, na mwandani wake Najum anayechelewa kuona kile ambacho bwana wake amekwisha kukiona, vyote vinamkumbusha msomaji Sherlock Holmes wa Conan Doyle. Wahakiki wamelieleza hilo mara nyingi, na hapana haja ya kulirudia.

Kinachohitaji kuelezwa ni jinsi kitabu hiki kinavyoshughulikia hatia. Katika Mzimu, mwenye mashamba anakutwa ameuawa mahali panapoogopwa kuwa ni pa mizimu. Bwana Msa anaikataa hofu hiyo na kutafuta mkono wa binadamu. Silaha yake ni mazungumzo: kuuliza kwa adabu, kusikiliza, kuacha kimya kifanye kazi yake, na kunasa neno lililomponyoka mtu. Polisi wamo, lakini kitovu cha kitabu ni baraza ya nyumba. Msomaji akifika mwisho amepata ukweli. Hukumu hakuipata, au ameipata kwa njia ya kudokezwa tu.

Wasomaji wanaomtetea Abdulla husema kwamba hilo si kasoro. Mswahili, kwa maoni yao, huyajua ya mtu kwa kuzungumza naye, na mpelelezi anayekaa barazani ni wa kweli kuliko wakili aliyevaa joho. Hoja hiyo ina nguvu. Ufundi wa Abdulla umo katika mazungumzo, na kama angeyahamishia mahakamani, yangekauka. Mahakamani mtu hujibu alichoulizwa. Barazani hujibu asichoulizwa, na hapo ndipo Bwana Msa anapomnasa.

Wanaompinga hutoa hoja mbili. Ya kwanza ni ya lugha: Kiunguja cha Abdulla, pamoja na misemo yake na mizaha yake ya mjini, humpa taabu msomaji wa bara. Hoja hii haina uzito mkubwa kwa msomaji wa Taita-Taveta. Yeye huishi baina ya Mombasa na bara, sikio lake limezoea Kimvita, na nyumbani anasema Kidawida, Kisaghala au Kitaveta, lugha za Kibantu zilizokopeshana na Kiswahili kwa muda mrefu. Hoja ya pili ndiyo nzito: kwamba riwaya inayomtaja mtu kuwa mwuaji bila kumpa nafasi ya kujitetea imemhukumu kwa neno la mpelelezi peke yake.

Matarajio ya kuona kesi yametoka wapi? Sehemu kubwa yametoka katika vitabu vya Kiingereza vilivyozagaa katika Kenya baada ya uhuru, vipya na vikuukuu, na hasa vile vya Erle Stanley Gardner, mwanasheria wa California aliyeanza kumwandika wakili Perry Mason mwaka 1933 na kuendelea hata vitabu vikapita themanini. Muundo wake unajulikana: mtu asiye na hatia anashitakiwa, ushahidi wote unamwelekea yeye, na wakili wake, kwa kumhoji shahidi mbele ya jaji, anamfichua mwuaji wa kweli papo hapo. Mahakama katika vitabu hivyo ni mashine ya kutoa ukweli. Msomaji anayeijua mashine hiyo akija kwa Bwana Msa huona kwamba ameonyeshwa ufunguo bila ya gari.

Lakini mashine hiyo haikujengwa kwa mbao za Afrika ya Mashariki. Katika mashauri ya Marekani maneno ya wakili huwaendea raia wa kawaida waliokaa katika juri, na ndio wenye kuamua hatia. Katika Kenya ya kikoloni juri lilikuwa ni haki ya Wazungu. Mwafrika aliyeshitakiwa kwa mauaji alisikizwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao walitoa maoni yao bila ya kumfunga jaji kuyafuata. Utaratibu wa wazee wa baraza uliendelea baada ya uhuru, na uliondolewa mwaka 2007. Tangu hapo jaji huketi peke yake. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuiga muundo wa Gardner atakuta kwamba hana mtu wa kuhutubiwa: jaji hapigiwi makelele wala hatokwi na machozi.

Jambo la pili ni zito zaidi kwa watu wa idara za lugha. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Kenya, katika kifungu cha 198, inaamuru kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na kwamba mahakama za chini zitatumia Kiingereza au Kiswahili. Kesi ya mauaji husikizwa na Mahakama Kuu. Kwa hiyo mshitakiwa wa mauaji, awe amezaliwa Lamu au Wundanyi, hushitakiwa katika lugha ambayo huenda haijui, naye hupewa mkalimani. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kifungu cha 50 kimempa mshitakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Haki hiyo ni kubwa, lakini yenyewe ni ushahidi kwamba lugha ya mshitakiwa na lugha ya jaji ni mbili.

Voi hudhihirisha jambo hili vizuri. Kwa miaka mingi mji huu ulikuwa na mahakama ya hakimu, na kituo cha Mahakama Kuu kilifunguliwa huko katika miaka ya 2010. Mama mzee wa milimani anayetoa ushahidi katika kesi ya mauaji yaweza kuwa anafikiri kwa Kidawida, anazungumza Kiswahili cha kujifunza sokoni, na maneno yake yanaandikwa na jaji kwa Kiingereza. Kati ya kile alichokiona na kile kilichoandikwa pana vivuko viwili. Hakuna riwaya ya Kiswahili inayoweza kuwa ya kweli juu ya chumba hicho bila ya kumweka mkalimani katikati ya jukwaa, na Kiswahili chenyewe kikawa ni daraja, si ukumbi. Hapa ndipo ugumu wa riwaya ya mahakama ulipo. Mwandishi akiwafanya jaji na mawakili waseme Kiswahili fasaha, amewasemesha lugha ambayo hawaitumii. Akiwaacha waseme Kiingereza, amekiacha Kiswahili mlangoni.

Yafaa kutoa mfano mmoja wa jinsi tafsiri inavyoweza kugeuza kesi nzima. Katika Kiswahili cha kila siku, na hata cha magazeti, makosa ya kumtoa mtu roho hugawanywa mara mbili: kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Mgawanyo huo unapendeza kwa ulinganifu wake, lakini sheria haisemi hivyo hasa. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika vifungu vya 203 na 206, huhesabu kuwa ni mauaji si tendo la aliyetaka kuua tu, bali pia la aliyetaka kumdhuru mwenziwe vibaya sana, na hata la aliyejua kwamba kitendo chake yamkini kitaleta kifo asijali. Basi mtu aliyempiga jirani yake kwa rungu akitaka kumvunja mguu, jirani akafa, ataulizwa: je, ulikusudia kumwua? Atajibu kwa moyo safi: la, sikukusudia. Kwa Kiswahili amejitetea. Kwa sheria, akieleza kwamba alitaka kumvunja, huenda amekiri. Neno kukusudia limembeba akadhani amefika, kumbe yuko katikati ya mto.

Hili si suala la msamiati tu. Mpaka mwezi wa Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua katika shauri la Francis Muruatetu kwamba adhabu ya kifo ya lazima ni kinyume cha Katiba, jaji aliyempata mtu na hatia ya mauaji hakuwa na hiari: alitakiwa kutamka kifo, ambapo kuua bila kukusudia kuliruhusu kifungo cha muda wo wote hadi maisha. Tofauti iliyofichwa ndani ya kitenzi kimoja ilikuwa na uzito wa kitanzi. Mwandishi mwenye kipawa angepata humo riwaya ya mahakama isiyomhitaji Perry Mason wala ufichuzi wa ghafla. Mwuaji angejulikana tangu ukurasa wa kwanza, na fumbo lingekuwa ni lile alilolisema na lile lililoandikwa.

Kusema kwamba fasihi ya Kiswahili haina mahakama kungekuwa ni kosa. Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, ni kesi tangu mwanzo hata mwisho. Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno mbele ya mfalme, na kosa lake, ajabu, ni kutaka elimu ya sheria ienezwe nchini. Anajitetea siku baada ya siku kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa wakarudi na kheri wakalipwa mateso. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, na wanafunzi wa Afrika ya Mashariki wakamsikia Shylock akidai ratili yake ya nyama kwa Kiswahili. Mzalendo Kimathi, tafsiri ya tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo, iliirudisha jukwaani kesi ya Nyeri ya mwaka 1956, ambamo Dedan Kimathi alishitakiwa kwa kuwa na bastola, akanyongwa Februari 1957.

Katika vitabu hivi vitatu hapana hata kimoja chenye fumbo. Msomaji anayajua matendo ya mshitakiwa kabla ya kesi kuanza. Swali si nani aliyetenda, bali ni kama baraza linalohukumu lina haki ya kuhukumu. Anayeshitakiwa kwa kweli katika Kusadikika ni Majivuno na mfumo wake, na katika Mzalendo Kimathi ni serikali ya kikoloni. Kwa hiyo mapokeo mawili yamekwenda kila moja kwa njia yake: katika riwaya ya upelelezi ukweli unapatikana nje ya mahakama, na katika maandishi ya mahakama ni mahakama yenyewe inayopelelezwa. Msomaji anayelalamika kwamba hakuiona kesi anataka mapokeo haya yakutane, na si rahisi, kwa sababu la kwanza humtaka msomaji aamini kwamba ukweli ukijulikana haki itafuata, na la pili humwonya asiamini hivyo upesi.

Onyo hilo lina masikio Taita-Taveta. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliokuwa wameiteka Taveta walishambulia Kasighau. Waingereza waliwashuku wenyeji kwamba wamewasaidia maadui, wakawahamisha jamii nzima hadi Malindi, ambako wengi walikufa, na waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kurudishwa katika mlima wao. Watoto na wazee waliadhibiwa pamoja na yule aliyedhaniwa kuwa na kosa, kama yupo. Miaka arobaini baadaye, katika Hali ya Hatari, kambi ya Manyani, kaskazini ya Voi kando ya njia ya Nairobi, ilijaa maelfu ya watu waliowekwa kizuizini bila kufikishwa mbele ya hakimu. Msomaji wa hapo, akidai kwamba hata mwuaji wa hadithi apewe siku yake kizimbani, hana haja ya kuwa amemsoma Gardner.

Upo upande mwingine ambao wanaomtetea Abdulla wameusahau, nao ni ule wa mizimu yenyewe. Fundisho la Mzimu ni wazi: mahali pa watu wa kale pametumiwa kama pazia na mtu mwenye hila, na akili ikilivuta pazia, hofu inakwisha. Kwa msomaji wa mjini hilo ni ushindi wa elimu. Katika Milima ya Taita, hata hivyo, mababa walizikwa, na baada ya muda mafuvu yao yakatolewa na kuwekwa katika mapango na chini ya miamba ya ukoo, na misitu ya fighi iliachwa isikatwe kwa kuwa ilihesabiwa kuwa ni kinga ya nchi. Mengi ya mapango hayo yapo mpaka leo. Mdawida, awe Mkristo mwenye kwenda kanisani kila Jumapili, huenda asiukubali upesi mlinganyo wa mzimu na ujinga. Atakubali kwamba mwuaji ni binadamu. Atauliza kwa nini mahali pa heshima pabaki katika kitabu kama kichaka cha kujifichia tu.

Zaidi ya hayo, dini ya kale ya Wadawida ilikuwa na upelelezi wake. Grace Harris, aliyefanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, alieleza jinsi ugonjwa au msiba ulivyohesabiwa kuwa waweza kutokana na hasira iliyofichwa moyoni mwa mtu fulani, awe jamaa aliye hai, au mzazi aliyekufa, au hata Mungu. Mwaguzi aliulizwa: ni hasira ya nani? Akitajwa mwenye hasira ambaye ni hai, hakuburutwa kwa adhabu. Alitakiwa kutasa: kuchukua maji au pombe kinywani, kupuliza nje, na kutamka maneno ya kuitoa hasira na kumtakia mwenziwe uzima. Na hasira hiyo yaweza kuwa ilikuwa na haki. Aliyedhulumiwa ndiye aliyekuwa hatari.

Mfumo huo waelekea sana kufanana na riwaya ya upelelezi: pana dhara, pana swali la nani, pana mjuzi anayelijibu. Lakini unaishia mahali tofauti na mahakama na tofauti na Bwana Msa. Mahakama humtenga mwenye hatia na jamii. Kutasa kulimrudisha. Msomaji aliyelelewa na mabaki ya fikra hiyo, hata asipoijua kwa jina, huenda asiridhishwe na pande zote mbili za ubishi ulioelezwa hapa. Mpelelezi amemtaja mtu, vyema; lakini nyumba zile mbili zitakaaje kesho, zikichota maji katika mto mmoja? Swali hili halimo katika Mzimu, wala katika Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla cha mwaka 1965, wala katika vitabu vya kijasusi vya Elvis Musiba vilivyoanza na Kufa na Kupona mwaka 1974.

Wahakiki wa miaka ya 1970 waliihukumu riwaya ya upelelezi kwa kipimo kingine. Waliuliza inajenga jamii gani, na wengi wakajibu kwamba ni burudani tu, ya kumsahaulisha mtu shida zake. Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka. Kitabu kinachomfanya msomaji abishane juu ya ushahidi, juu ya nani ana haki ya kumtaja mtu kuwa mwuaji, na juu ya kinachotakiwa kufanywa baada ya kumtaja, kimekwisha kuingia katika siasa ya nchi, apende asipende mwandishi wake. Tena kipimo hicho kilisahau kwamba Abdulla alifanya kazi moja ambayo waandishi wengi wa maudhui mazito hawakuifanya: aliwafunza watu kusoma kitabu kizima cha Kiswahili kwa hiari yao, bila ya mtihani.

Lililobaki ni la waandishi na la walimu wao. Istilahi za sheria za Kiswahili zimekwisha kutungwa kwa wingi, hasa Tanzania, na kamusi zipo. Kilichokosekana ni mazungumzo yanayozitumia istilahi hizo katika kinywa cha mtu mwenye hofu. Katika darasa la fasihi la Voi au la Wundanyi, mwalimu anaweza kuanza kwa kuwapa wanafunzi sura ya mwisho ya Mzimu, kisha awatake waiandike upya mara mbili: kwanza ikiwa ni kesi mbele ya jaji, pamoja na mkalimani asimamaye kando ya kizimba, na pili ikiwa ni kikao cha wazee wa kijiji, wakiwa na jamaa za marehemu upande mmoja na jamaa za mshitakiwa upande wa pili. Aangalie ni maneno gani ya Bwana Msa yatakayoweza kubaki katika maandishi yote mawili.